Teddy Saturnini Nambunga na Mita Ishirini na Mbili

Dada yetu Teddy alizaliwa Chiola, wilayani Nachingwea, tarehe 14 Machi 1986, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Saturnini Nambunga na Mama Agatha. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Chiola, sekondari kwa masista, na mwaka 2010 alihitimu shahada ya uhandisi Dar es Salaam.

Kazi yake ilikuwa kukadiria kwa kompyuta dhoruba ingekula ufukwe kiasi gani. Alipokuja likizo alimweleza mama kwamba akibadilisha kidogo tu ukubwa wa chembe za mchanga, au kimo cha mawimbi, jibu linaruka mara tatu. Mama alikuwa anapepeta ufuta. Akamwuliza, "Kwa hiyo, mwanangu, wanakulipa kwa kutojua?" Teddy alicheka mpaka akakaa chini.

Tarehe 3 Oktoba 2015 alifunga ndoa na shemeji yetu Nicholaus Chitanda wa Matambarale, Ruangwa. Walijaliwa binti mmoja, Doreen.

Mwaka 2019 aliulizwa wodi ya wazazi katika kijiji kimoja cha pwani ijengwe umbali gani kutoka baharini. Hesabu zake zilionyesha dhoruba moja ingeweza kula mita sita, au hata arobaini. Mkuu wake akamwambia, "Teddy, wanataka namba moja." Aliandika ishirini na mbili, akasaini. Wodi ikajengwa mita ishirini na tano.

Aprili 2023 bahari ilikula mita thelathini na moja kwa siku moja. Wodi ilianguka na watu ndani. Walikufa akina mama wawili waliojifungua na mtoto mchanga.

Teddy alikwenda kuzika. Mume wa mmoja wao, Bwana Jumanne, alimwuliza, "Mama, ulijua?"

"Nilijua kwamba sijui," alijibu. "Sikuandika."



Dada aliacha kazi, akarudi Matambarale kulima. Novemba 2024 aligundulika na saratani ya kizazi, ikiwa imeshasambaa. Alitibiwa miezi mitano, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Alifariki tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Aliniagiza mimi, mdogo wake Abel, habari ya wodi isomwe leo mazikoni, isirukwe. Nilimwambia, "Dada, watu wameshasahau."

Akasema, "Kule hawajasahau."

Ameacha mama, mume, binti wa miaka minane na wadogo watatu. Mungu ampumzishe, maana hapa hakupumzika.