Mfungo wa Mama Clothilde

Nyuma yangu, katika basi la Gulfton, mtaa wa wahamiaji, Kathure, nesi Mkenya aliyetoka zamu, alikuwa akimfundisha Mama Clothilde wa Kongo mtihani wa uraia. "Mafederali, chama cha hapa cha miaka mia mbili iliyopita, walishindwa uchaguzi," alisema akipiga miayo. "Kabla ya kuondoka wakaweka majaji wao, wa maisha. Chama kikafa, mahakama ikapata nguvu hata ya kumpinga rais."

"Kwetu anayeshindwa haondoki," alisema Clothilde. Nilitaka kucheka, ila wao hawakucheka. "Sasa bwana yangu kule kambini, anangoja rais ao jaji?"

"Rais amezuia wakimbizi wasiingie nchini. Jaji ndiye ataamua kama anaweza kuwazuia."

Clothilde alimsogelea. "Kanisani tunafunga kila Ijumaa, kama leo, tunamwombea rais kwa jina. Huyo jaji anaitwa nani?"

Kathure hakumjua. Basi likasimama, Clothilde akashuka na njaa yake.