Bi Minyoo, Aliyerudi Kusema Amekosea

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mtaalamu wa hesabu ambaye wanafunzi wake walimbandika jina la Bi Minyoo. Alitutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Jina lile alilipenda. Aliliandika hata mlangoni pa ofisi yake.

Hakuwa daktari wa mifugo. Alikuwa mtu wa hesabu. Swali lake lilikuwa moja: vimelea, kama minyoo, vikiingia katika kundi la wanyama, kundi litadumu au litatoweka? Alilijibu ubaoni, kwa chaki na milinganyo.

Alipokuwa na miaka arobaini, hifadhi moja ya wanyama ilimwita. Swala wake walikuwa na minyoo. Akapiga hesabu, akawaambia, "Msihofu. Minyoo hawa hawaui." Wakubwa wakashusha pumzi.

Miezi minane baadaye, akisahihisha mitihani, akagundua kosa. Alikuwa amehesabu vifo tu. Uzazi hakuugusa! Minyoo hawakuwaua swala, kweli, ila waliwadhoofisha majike wasishike mimba. Akarudia hesabu mara tatu. Jibu lile lile: miaka kumi na mmoja, hakuna swala.

Mdogo wake, fundi cherehani, anakumbuka. "Nilimwambia, dada, nyamaza, nani atajua? Akaniangalia kama hanijui. Akasema, 'Swala watajua.'"

Kesho yake alisimama mbele ya wakubwa wale wale. "Nimekosea," akasema. Mmoja akacheka, akauliza mizoga iko wapi.

"Usitafute mizoga, mzee. Tafuta watoto."

Wakaenda kuhesabu. Katika majike mia, watoto tisa. Tisa tu, wasikilizaji.

Bwawa la matope, ambako swala waliambukizwa, likazungushiwa uzio. Wakachimbiwa kisima cha maji safi. Baada ya miaka minne, kila majike mia walikuwa na watoto hamsini na watatu.

Lakini cheo alichokuwa akikisubiri chuoni alipewa mwingine, kwa sababu ya kosa lile. Mumewe anasema, "Alilia jikoni, akanawa uso, akaenda kufundisha." Na tangu hapo, kila mwaka, somo la kwanza kwa wanafunzi wapya lilikuwa kosa lake mwenyewe.

Kwa mumewe, kwa mdogo wake, na kwa wote aliowafundisha: poleni sana, tuko nanyi katika msiba huu. Nawe unayetusikiliza, labda kuna neno uliwahi kulisema kwa uhakika, na sasa unajua halikuwa sawa. Aliyelisikia bado yupo. Mwendee leo.