Alama za Chaki Nilizofuta Handakini

Wapendwa, mmeona nimekaa kiti cha karibu na mlango. Sikukosea. Mimi ni mtu wa kushuku, na hata chai yenu nimesubiri mama mchungaji anywe kwanza. Mnacheka, lakini ugonjwa huu nusura uue mtu.

Ulianza nilipofika Durban. Ndugu tuliyelala naye chumba kimoja aliondoka na begi langu lenye makaratasi yangu yote ya ukimbizi. Tangu hapo sikumwamini mtu. Kazini nilitengeneza simu huku nimeupa ukuta mgongo. Watu wakaniacha.

Dada mmoja Mkongo, wa saluni jirani na duka letu, hakuniacha. Yeye na rafiki yake, fundi seremala kutoka Tanga, hupenda kuingia sehemu za reli zilizoachwa na kupiga picha. Akanibembeleza wiki nzima. Jumamosi asubuhi nikaenda nao kwenye handaki la zamani la treni, upande wa Bluff. Aliniambia ndani iko stesheni nzima chini ya ardhi, na mabenchi yake bado yamepangwa.

Mlangoni fundi akapigiwa simu, akaongea Kizulu, akacheka. Nikajiuliza, anacheka nini? Tukaingia, yeye mbele, dada katikati, mimi nyuma. Nyuma nilipachagua mwenyewe. Kuta zilikuwa nyeusi kwa masizi. Kila njia panda, fundi alitoa chaki mfukoni, akachora alama ukutani, akaendelea bila kusema neno.

Ndugu zangu, nawaambia, moyo ulinilipuka. Nikasema huyu anawaonyesha wenzake njia, watatufuata watunyang'anye simu na viatu. Mbona achore kimya kimya? Basi kila alama niliyoipita niliifuta kwa mkono wa koti. Nikajiona mjanja.

Stesheni tuliikuta kweli, na mabenchi yake. Dada alifurahi mpaka nikaona aibu kidogo. Tukaanza kurudi. Njia panda ya kwanza, fundi akasimama, akamulika ukuta.

"Alama zangu ziko wapi?"

Akatuambia tuzime tochi tusikilize, maana iko mtu anatufuata humu ndani. Tukasimama gizani wote watatu, tukimwogopa mtu ambaye ni mimi. Na nikanyamaza. Eish, nilinyamaza. Tulijaribu njia moja, ikaishia kwenye kifusi. Nyingine ilijaa maji. Vumbi likampata dada, naye ana pumu, na dawa yake ya kuvuta ilibaki kwenye gari la fundi. Kifua kikaanza kulia kama filimbi. Akanishika mkono, akasema polepole, "Kaka, usiogope, tutatoka."

Yeye hana pumzi, na ananituliza mimi! Hapo nikavunjika. Nikasema, "Ni mimi. Nilizifuta mimi. Nilidhani unatuuza."

Fundi akanimulika usoni. Nilingoja ngumi. Kisha akauliza nilifuta na nini. Nikamwonyesha mkono wa koti, mweusi tii. Akaniambia seremala hakati mbao kabla ya kuchora, ndiyo maana hakuona kama ni jambo la kueleza. Akalishika lile koti.

"Masizi haya yametoka ukutani. Twende tukatafute yalikotoka."

Tukarudi stesheni, tukaanza upya. Mwanzo tulitafuta rangi nyeupe, kwa hiyo mabaka ya tofali, pale masizi yalipofutika, hakuna aliyeyatazama. Sasa tuliyaona, yako usawa wa kifua changu, upana wa mkono wangu. Safari hii nilitangulia mimi kuyatafuta, fundi nyuma amembeba dada mgongoni. Tukatoka juani. Dada akavuta dawa yake, pumzi ikarudi.

Nawashukuru hao wawili. Siwataji, wenyewe wanajijua. Wiki iliyofuata fundi alikuja dukani akaniwekea chaki mezani, akasema kuanzia leo nachora mimi. Ninachowaombeni ni kimoja: ukimshuku mwenzako, muulize mapema. Mimi ningeuliza tu, "Unachora nini?", dada yule asingefika pale alipofika.

Msinisifu, bado nashuku. Fundi aliposema twende tena, nilimuuliza mara mbili kwa nini. Lakini nilikwenda, na njia nzima sikugeuka nyuma.

Sasa naomba mtu anisogezee kiti pale katikati, nimalizie chai yangu.