Mwalimu Nyongesa, Vijiko Vyangu na Chuma Kinachochoka

Mwalimu Levis Nyongesa anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kufundisha ufundi wa ndege miaka thelathini na moja katika chuo chetu hapa Nakuru. Ofisi ilitaka kuandika yenyewe maneno ya kumuaga. Nilikataa. Mimi ndiye mpishi, na vijiko alivyomaliza ni vyangu.

Kila mwaka wanafunzi wapya wakifika, alibeba kijiko cha alumini jikoni bila kuuliza, akakikunja na kukikunjua mbele yao mpaka kikakatika. Hapo ndipo aliwaeleza habari za ndege za kwanza za jeti, zile zilizopasuka angani miaka ya hamsini. Ndege ikipanda, mwili wake hutanuka kwa hewa ya ndani, ikishuka, hunywea. Panda, shuka, mpaka ufa mdogo unaanza kwenye kona ya tundu la dirisha, na siku moja unakimbia. Watu walikufa, na chuma kilikuwa kinang'aa. Alisema chuma huchoka. Nilimcheka, nikamwambia kinachochoka hapa ni miguu yangu.

Mwaka wa 2009 alikuja jikoni kuiba kijiko kama kawaida, akaona sufuria kubwa ya uji inalia machozi karibu na mkono. Mimi nilikuwa nimepaziba na sabuni ya kipande, kama kila mtu anavyoziba. Jepkemei, msaidizi wangu, alishashika upande huo tuiteremshe. Mwalimu akatukataza. Tuchote na jagi, kidogo kidogo. Wanafunzi wanagonga meza, wananiita mathe, mathe, uji uko wapi, na mimi namtukana mtu mzima mbele yao.

Sufuria ilipokuwa tupu na baridi, alitoa sabuni yangu, akapaka mafuta taa, akapangusa, akapaka chaki. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yakalowesha chaki, na mstari mweusi ukajitokeza kutoka ribiti moja hadi nyingine, vile vimisumari vinavyoshika mkono wa sufuria. Akavuta kidogo tu, mkono wa sufuria ukang'oka, ukabaki kwake. Jepkemei alikaa chini sakafuni. Mimi nilimpa kijiko kwa mkono wangu mwenyewe, jambo ambalo chuo hiki hakijaona tena.

Leo wanafunzi wake wanatengeneza ndege, na jikoni kwangu sabuni ni ya kuosha vyombo.

Asante, Mwalimu. Nenda Elburgon ukalime viazi, na maisha yakutendee wema. Chuma kikichoka hakisemi. Wewe una mdomo: ukichoka, sema, ukae chini. Kijiko cha mwisho nimekufungia kwenye gazeti. Hicho usikikunje, ni cha kula.

Nyanya Mugure, jikoni