Jiwe la Saruji

Ndani ya basi, mama mmoja alikuwa amepakata bamba lenye sura ya jiwe kama mtoto mchanga. Mzee mchonga mawe, jirani yake kitini, akaligonga kwa kidole.

"Jiwe safi hili, mama. Umelitoa machimbo gani?"

"Jikoni kwangu, mzee wangu. Ni saruji, mchanga na rangi. Hiyo mikunjo unayoiona juu yake ni ya mfuko wa nailoni niliotandika kwenye sinia kabla ya kumwaga."

"Usinichezee. Mawe nayajua mimi."

Sisi wa kiti cha nyuma tulishainuka kuchungulia.

"Nampelekea mganga mkuu wa zahanati aone mfano. Akiridhika, baraza lote la zahanati nalipamba mimi kwa mabamba haya."

"Atasema umelinunua."

"Basi nitamwaga jingine mbele yake."

Basi likasimama. Mzee akamshushia bamba, amelikumbatia kwa mikono miwili, bado anabisha.