Wasifu wa Bwana Kesho, Uliosahihishwa na Mwenyewe

Wasifu huu unasomwa kwa mara ya pili. Mara ya kwanza, Jumamosi tarehe 11 Agosti 2001, nilifika aya ya pili tu, marehemu mwenyewe akanikatiza. Leo hatanikatiza. Mkiniona nimenyamaza mahali, nivumilieni, ni mazoea ya kumsubiri.

Mimi ni mdogo wake, ninayemfuata. Kazi yangu ni kupiga chapa, ndiyo maana katika ukoo wetu kila barua na kila ombi la kazi huishia mezani kwangu. Karatasi hizi ni zilezile za mwaka 2001, zimejaa wino mwekundu wa mkono wake. Alizitunza kwenye kopo la biskuti miaka ishirini na mitatu. Mwezi wa nne mwaka huu alimpa binti yake aniletee, na ujumbe juu: "Mwambie shangazi yako asijisumbue kuanza upya. Kazi kubwa nilishamfanyia."

Alizaliwa Jumapili tarehe 4 Novemba 1962, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la magunia. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa hayati baba yetu, fundi saa, na mama yetu, aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali. Hapo mimi nilikuwa nimeandika kwamba tangu utotoni aliipenda bahari. Amepiga mstari, akaandika pembeni: "Uongo mtupu. Niliiogopa, na bado naiogopa. Andika hivyo." Haya kaka, nimeandika.

Alianza shule ya msingi mwaka 1970 na kumaliza sekondari mwaka 1980. Niliandika kuwa alifaulu hesabu kwa alama za juu, maana mjomba alisema msibani mtu hasomewi madudu yake. Marehemu amesahihisha: "Sita kwa mia. Mbili kati ya hizo mwalimu alinipa kwa ajili ya mwandiko."

Mwaka 1981 aliajiriwa bandarini kama fundi wa kuchomelea vyuma. Siku moja bosi aliuliza nani yuko tayari kufundishwa kuzamia ili akague matumbo ya meli. Wenzake wote wakarudi nyuma hatua moja, yeye alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu. Hivyo ndivyo alivyoingia majini. Mama alipopata habari alimwambia, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, najua. Lakini wewe mvungu gani huo usio na sakafu?"

Mwaka 1989 alihamia kituo cha wazamiaji, kupeleka wageni kwenye ule mwamba ulio saa moja na nusu kwa boti kutoka nchi kavu. Wengi wenu mnaujua kwa masimulizi yake. Ni jiwe moja tu linalosimama peke yake kutoka kilindini, kilele chake kikiishia mita kumi na mbili chini ya maji. Ukiwa juu huoni kitu. Ukishuka, alikuwa akisema, unakuta samaki wamejaa mpaka unataka kubisha hodi. Wamejaa kwa sababu mkondo unawaletea chakula, na mkondo huohuo humbeba mtu akashtukia yupo mbali na boti, jiwe halioni tena.

Kwa hiyo alikuwa na sheria moja. Pale mwambani palifungwa kamba, na juu ya kamba boya. Kabla ya mgeni yeyote kuvaa mtungi wa hewa, marehemu alilala kifudifudi ukingoni mwa boti, akatia uso majini na miwani yake, akaitazama ile kamba. Ikisimama wima, wanashuka. Ikilala kwa kuvutwa na mkondo, anainua kichwa, anajifuta uso na kusema neno moja: "Kesho." Safari moja kati ya tatu iliishia hapo. Wageni walinuna, wengine walimwita mwoga machoni pake, na manahodha ndio waliombandika jina la Bwana Kesho. Mgeni mmoja alifoka, "Mimi nimesafiri siku mbili kufika hapa!" Marehemu akamjibu kwa upole, "Pole sana. Ni mbali mno kuja kufia."

Maneno hayo yalihamia nyumbani. Wifi yangu akikasirika, watoto wa jirani waliambiwa mlangoni, "Msiingie, leo kamba imelala."

Wifi ni mshonaji. Walijuana mwaka 1991 alipompelekea nguo yake ya kuzamia iliyochanika begani. Wifi aliishika, akaivuta, akauliza, "Hii ni nguo au ni tairi?" Akaishona. Wiki iliyofuata ikarudi, imechanika palepale. Na iliyofuata tena. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Julai 1992, wakajaliwa binti mmoja. Mwaka 2001 niliandika kwamba walikutanishwa na kazi. Pembeni kuna neno moja jekundu: "Mkasi." Wifi alikuwa akimshuku tangu zamani, lakini ushahidi aliupata kwenye karatasi hii.

Sasa nifike Alhamisi tarehe 9 Agosti 2001. Saa tatu asubuhi kamba ilikuwa imesimama wima. Alishuka na wageni wawili, wakakaa kwenye jiwe, na maji yakageuka mapema kuliko siku zote. Mgeni mmoja alishika imara, akapanda kwa kamba hadi kwenye boti. Wa pili, daktari wa meno, mkono ulimtoka. Kaka yangu alikuwa ameshika jiwe kwa mikono miwili. Angeweza kubaki. Aliliachia, akamfuata.

Nahodha aliwatafuta upande mmoja, wao wamepelekwa mwingine. Boti saba ziliingia baharini siku hiyo na kesho yake. Ijumaa saa sita mchana watafutaji walitujia, wakavua kofia, wakatuambia tujiandae.

Hapa ndipo ninapotaka kusema langu, na nalisema mbele yenu. Mimi nilijiandaa. Mjomba wetu, Mungu amrehemu, alikuwa na haraka zake: watu wameshafika, viti vimeshapangwa, mambo hayawezi kukaa bila utaratibu. Akaniambia niandike, nikaandika. Nilikaa kwenye mashine nikamwita kaka yangu marehemu mara kumi na moja, mtu ambaye saa hiyo alikuwa anaelea, amejifunga kwa kamba na daktari wa watu, anamlazimisha kutaja majina ya meno yote thelathini na mawili ili asilale.

Mama peke yake alikataa. Alikaa jikoni anachambua maharage. Akina mama walipokwenda kumbembeleza atoke akae na waombolezaji, aliwauliza, "Mnamlilia nani? Nionyesheni." Wakazidi kumzunguka. "Basi tokeni, mnanikinga mwanga. Mwanangu akirudi atakuwa na njaa." Tulisema huzuni imemchanganya. Mimi nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Jumamosi saa tano asubuhi mjomba aliniamuru nisimame uani nisome kwa majaribio, polepole, kwa sauti. Nikasoma kuzaliwa kwake. Nikasoma shule. Nilipofika "alifaulu hesabu kwa alama za juu", sauti ikatoka getini:

"Hapo umedanganya."

Alikuwa amevaa kaptula ya mpishi wa meli, midomo imepasuka, miguu haina kiatu. Mashua iliyobeba saruji, redio yake ilishakufa siku nyingi, iliwaokota Ijumaa saa kumi jioni baada ya saa thelathini na moja majini, ikawashusha asubuhi ile. Viti vilianguka. Mjomba alikaa chini, na pale alipokaa hapakuwa na kiti. Wifi alimkimbilia, akampiga kifuani kwa ngumi mbili, ndipo akamkumbatia. Mama alitoka jikoni na ungo mkononi, akamtazama juu mpaka chini, akauliza, "Umekula?"

Mimi nilibaki na karatasi mkononi, sijui niziweke wapi. Nilitamani ardhi ipasuke. Alipomaliza sahani ya pili alinyoosha mkono. "Lete hizo." Nikaanza kulia, nikaomba radhi. Akasema, "Lia baadaye, nipe kalamu nyekundu." Alisoma yote pale mezani, huku anatafuna. Kila penye neno marehemu alilikata, juu yake akaandika "bado". Mara kumi na moja: bado, bado, bado. Hakuwahi kunisema kwa jambo lile. Alinitania tu, kila mwaka siku hiyo ananipigia simu: "Vipi mwandishi, umemaliza?"

Baada ya hapo alirudi mwambani, msishangae. Alifanya kazi hiyo mpaka mwaka 2019, na katika miaka thelathini hakuna mgeni wake hata mmoja aliyebaki majini. Lakini sisi kila alipotoka tulikuwa tunahesabu saa. Mama hakuwahi kulala mchana siku za safari. Hakuwa anaomba mwanawe asife, alisema kufa ni kwa kila mtu. Aliomba kitu kimoja: "Asipotee. Nijue alipo."

Februari 2024 alianza kuumwa tumbo. Ilikuwa saratani. Alipasuliwa mara moja, akapata nafuu ya miezi kadhaa, ikarudi. Mwezi wa tatu mwaka huu daktari alizungumzia upasuaji wa pili. Alieleza kwa muda mrefu, kwa maneno marefu. Marehemu alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza, "Daktari, kamba imesimama au imelala?" Daktari akamtazama binti, na binti, aliyerithi kazi yake ya botini na siku hizi ndiye anayelala kifudifudi ukingoni, akamfafanulia. Daktari alifunga faili. "Imelala, mzee wangu." Kaka akajifuta uso kwa kiganja, vilevile kama botini. "Asante kwa kusema kweli. Turudini nyumbani."

Tukarudi. Tulimweka chumba cha mbele, dirisha linalotazama ukuta wa jirani na nguo zilizoanikwa. Hakuomba kuiona bahari. Alisema wameshaonana vya kutosha. Alifariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, kitandani mwake, juu ya godoro kavu, mkewe ameshika mkono mmoja, binti mwingine. Mama alikuwa kwenye kiti miguuni pake. Mimi nilisimama mlangoni. Alipumua, akapumua, hakupumua tena.

Nitasema lisilosemwa msibani. Tumeumia, lakini pia tumeshusha pumzi. Miaka thelathini na zaidi tulikiogopa kifo kimoja, na hicho hakikuja. Jana usiku wote tulilia, na wote tulilala. Hatuna wa kumtafuta.

Ameacha mama mwenye umri wa miaka themanini na minne, mjane, binti, mkwe, wajukuu wawili na wadogo zake watatu. Ameacha pia daktari wa meno, aliyekaa mstari wa mbele. Tangu mwaka 2001 ametutibu familia nzima na hajawahi kukubali shukrani. Mstari huu haumo kwenye karatasi ya zamani, nimeuongeza mimi, na wa kuusahihisha hayupo.

Limebaki sahihisho moja, la mwisho. Chini kabisa nilikuwa nimeandika, kwa kuwa hatukuwa na mwili, kwamba bahari imlaze pema. Ameifuta sentensi nzima mpaka karatasi ikatoboka. Chini yake ameandika: "Siku ya kuisoma hii kweli, hakikisheni nipo."

Kaka, leo asubuhi kabla ya sanduku kufungwa, mama aliomba apelekwe karibu. Tukamshika huku na huku. Alikugusa paji la uso, akakugusa mikono, akavuta sanda vizuri begani, palepale pa mkasi. Wakamuuliza kama yuko tayari akae na waombolezaji. Akasema, "Sasa nitakaa. Huyu hapa."

Nimehakikisha. Upo. Yale maneno kumi na moja nimeyarudisha leo, moja baada ya jingine, na hakuna aliyeniambia bado. Pumzika sasa, Bwana Kesho. Safari hii tunajua ulipo.