Gwanda la Jumamosi

Sikilizeni, Machibya na Suzana, sogeeni karibu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Jambo la mwisho la kawaida mama yenu alilofanya ni kupiga pasi gwanda langu Jumamosi ile, kama kila Jumamosi tangu jeshi liliponifukuza. Alinikemea niondoe mkono mezani, akalitundika nyuma ya mlango, akaenda kulala. Hakuamka.

Habari yangu mnaijua nusu. Tulivuka mpaka kumfukuza mvamizi, na hilo silijutii. Vita ikaisha, sisi tukabaki. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu tulishika funguo za nyumba. Nilimwona bibi mmoja akimwomba askari wangu ruhusa ya kuchota maji kwenye kisima chake mwenyewe, na askari akamjibu, "Subiri, bibi, afande anakula." Afande huyo nilikuwa mimi. Kwenye kikao cha maofisa nikasema tumekuwa kama yule tuliyemfukuza, turudi nyumbani. Wakanivua umeja, wakanifukuza bila kiinua mgongo.

Nilihukumiwa mimi, lakini aliyeitumikia adhabu ni mama yenu. Tulitolewa kwenye nyumba ya kambini, akaenda kuuza dagaa kwenye soko la Mwaloni. Wenzake walimtania, "Mama Meja, gwaride leo liko wapi?" Naye akawajibu, "Liko nyumbani, linachambua mchele." Alicheka nao, kisha Jumamosi akawasha mkaa wa pasi, akiamini wakubwa wa jeshi wataniita tena. Hapo ndipo moyo unaponiuma, wanangu: si kwa neno nililosema, bali kwa mkaa ule wote.

Sasa wameita, naye hayupo. Machibya, uliniletea ujumbe kwamba watanirudishia cheo na kunizika kwa heshima za kijeshi, mradi niseme nilikosea. Nilikataa, ukanyamaza. Ukimya wako naujua. Unangoja nifumbe macho, kwa kuwa maiti hakatai kitu. Sikulaumu, umekua ukiitwa mtoto wa aliyefukuzwa. Lakini msinisemee kaburini neno nililolikataa nikiwa hai.

Nyumba hii ya Ilemela ni ya Suzana, anayeniuguza. Shamba la Kisesa ni lako, Machibya, na mpaka mwachie jirani yetu mzee Ngosha pale alipouweka. Mimi nimeona mipaka ya kutosha.

Nipe maji, Suzana. Kidogo tu.

Nizikeni kando ya mama yenu, kwa shati jeupe. Mungu awape usingizi wa watu wasioogopa kuulizwa. Shikaneni mikono... hivyo.

Na gwanda msilitafute mnivalishe. Asubuhi ile, kabla hamjafika, wanawake walipokwisha kumwosha mama yenu na jeneza likaletwa, nililitoa nyuma ya mlango, nikalikunja taratibu nisiharibu pasi yake, nikaliweka chini ya kichwa chake.